Sanduku la glasi tano na taji lisilopima

Baa moja ya mtaani katika eneo la Midlands, Uingereza, ilifungwa na vyombo vyake vikauzwa kwa mafungu. Fungu moja lilikuwa sanduku la glasi tano za bia, kila moja ikitajwa kuwa ya painti, kipimo cha Kiingereza cha karibu ml 568. Kadi iliyobandikwa juu ilitoa maelezo mafupi: glasi za kale za baa, zote zimehakikiwa na serikali, haziuzwi mojamoja. Binamu yangu anayeishi Coventry, ambaye ameanza kukusanya vyombo vya baa, alinitumia picha pamoja na swali: "Kaka, hizi ni za kweli au napigwa?"

Ndani ya swali hilo kulikuwa na maswali matatu. Glasi hizi ni za zamani? Ziliwahi kutumika kuuzia bia? Na alama zilizo juu yake ni za uhakiki kweli? Kadi ya muuzaji iliyachanganya yote yakawa dai moja, na bei ikapangwa juu ya mchanganyiko huo. Nilimwomba asilipe kwanza, tuisome kila glasi peke yake, kwa sababu ninaamini kabisa kwamba glasi ya baa ya Kiingereza huanza kusomwa kwenye alama yake, na kwamba taji pekee halitoshi kuwa alama. Chini ya taji la uhakiki pana namba. Pasipo na namba, taji hilo ni pambo, na uhakiki utafutwe kwenye herufi M na tarakimu mbili za mwaka. Vyote vikikosekana, glasi haina alama ya uhakiki.

Msomaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuliza glasi ya bia inapigiwa muhuri wa nini. Huku kwetu bia nyingi hufika mezani ikiwa kwenye chupa. Ujazo umepimwa kiwandani, 500 ml zimeandikwa kwenye lebo, na glasi anayoletewa mteja ni ya kunywea tu. Ikiwa ndogo atamimina mara mbili. Katika baa ya Kiingereza bia hukaa kwenye mapipa chini ya jengo, huvutwa kwa pampu ya mkono, na kumwagika moja kwa moja ndani ya glasi. Kwa kawaida katikati hapana chombo kingine cha kupimia. Glasi ndiyo kipimo, na sheria huiangalia kama inavyoangalia mizani ya muuza nyama. Stika ya Wakala wa Vipimo iliyo kwenye pampu ya petroli Tanzania, na taji dogo lililochorwa chini ya mdomo wa glasi ya Uingereza, vinamwambia mnunuzi jambo lile lile: chombo hiki kimepimwa na mtu ambaye si muuzaji.

Madai ya kipimo kimoja ni ya kale huko. Hati ya Magna Carta ya 1215, katika kifungu chake cha 35, ilitaka kipimo kimoja cha divai, kimoja cha ale (aina ya bia) na kimoja cha nafaka katika ufalme wote. Mwishoni mwa karne ya 17, wakati wa Mfalme William III, Bunge lilipitisha sheria iliyotaka vyombo vya kuuzia ale na bia vipigwe chapa ya taji na herufi WR, yaani William Rex, Mfalme William. William alifariki mwaka 1702, lakini WR iliendelea kupigwa kwenye vikombe vya udongo uliochomwa na vya aloi ya bati kwa miaka mingi sana baada yake, hadi karne ya 19. Mkusanyaji anayejua hilo hawezi tena kuzichukua herufi za mfalme kuwa tarehe ya chombo. Herufi zinaonyesha chombo hakikuweza kuhakikiwa kabla ya wakati gani. Mwisho wake lazima utafutwe mahali pengine.

Painti yenyewe pia ina historia ya kubadilika. Kabla ya 1826 galoni ya ale ilikuwa inchi za ujazo 282 na galoni ya divai inchi 231, na painti ni sehemu moja ya nane ya galoni. Sheria ya 1824, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1826, ilizifuta zote mbili na kuweka galoni moja ya kifalme, iliyofafanuliwa kwa uzito wa ratili 10 za maji yaliyokenekwa. Painti ya ale iliyokuwa kama ml 578 ikashuka hadi ml 568. Wamarekani, waliokuwa wameshajitenga, walibaki na galoni ya divai, na painti yao ni ml 473 mpaka leo. Tofauti hiyo ya karibu ml 95 ilikuwa imejificha ndani ya sanduku la binamu, na tutaifikia.

Mfumo ambao mkusanyaji wa glasi anakutana nao zaidi ulitokana na Sheria ya Mizani na Vipimo ya 1878. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na chapa zake. Baadaye ukawepo mtindo wa nchi nzima: taji, herufi za mtawala aliye madarakani, na namba ya mamlaka ya eneo ambalo mkaguzi wake amekipima chombo. Wakati huo glasi zilikuwa zimeanza kuvisukuma nje vikombe vya bati, kwa kuwa kodi ya glasi iliondolewa mwaka 1845 na bei ikaweza kushuka. Bia ikaanza kuonekana rangi yake mbele ya mnywaji, na mkaguzi akalazimika kuacha nyundo na chapa ya chuma, atafute namna ya kuandika juu ya kitu kinachovunjika.

Magi ya vibonyeo

Chombo cha kwanza katika sanduku kilikuwa magi nzito yenye mshikio na vibonyeo vya duara mwili mzima, ile ambayo mtu yeyote aliyewahi kuona picha ya baa ya Kiingereza anaijua. Chini ya mdomo, mkabala na mshikio, palikuwa na taji dogo, neno PINT na namba ya tarakimu tatu. Herufi za mtawala hazikuwepo. Kadi ilidai kwamba namba hiyo ni ya kalibu ya kiwandani.

Dai hilo nimelisikia mara nyingi na linawapotosha wengi. Namba ni ya mamlaka ya mizani na vipimo. Wakaguzi hawakuzunguka kwenye kila baa kupiga muhuri glasi mojamoja. Glasi za kisasa zilitoka kwenye viwanda vichache vikubwa, kama Ravenhead cha St Helens, na zilipimwa na kupigwa muhuri huko huko au karibu na huko kabla ya kusambazwa. Matokeo yake ni kwamba namba chache zinarudiarudia kwenye glasi zilizookotwa kona zote za Uingereza. Mtu akikuta namba ile ile kwenye glasi iliyotoka Cornwall na nyingine iliyotoka Scotland asidhani amegundua baa mbili zenye uhusiano. Alichogundua ni kiwanda.

Kwa binamu jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee, maana alichokipenda zaidi ni kwamba glasi zimetoka kwenye baa anayoijua. Namba haiwezi kumthibitishia hilo. Inathibitisha kwamba mkaguzi wa eneo fulani alikubali kuwa chombo hiki kinashika painti. Kama kilikaa kwenye baa ile miaka thelathini au kilinunuliwa wiki moja kabla ya kufungwa, hilo hutafutwa kwingine: kwenye kitako. Glasi iliyofanya kazi ina duara la mikwaruzo pale inapogusa meza, mikwaruzo mifupi inayopishana kila upande, kwa sababu imewekwa na kusukumwa mara elfu kwa elfu. Mtu anayetaka kuzeesha glasi kwa msasa huacha mistari inayoelekea upande mmoja. Magi hii ilikuwa na mikwaruzo inayopishana, mingi zaidi upande wa mshikio, na taji lake lilikuwa limefifia kidogo kwa kuoshwa.

Muhuri wa namna hii ulitengenezwa kwa kurusha mchanga laini kwa hewa yenye kasi kupitia kiolezo. Ukipitisha ukucha unahisi mkwaruzo, na chini ya kioo cha kukuzia unaona vishimo vidogo visivyo na kingo kali. Alama iliyochapwa kwa rangi hukaa juu ya glasi na hung'aa kwa namna yake. Tofauti hii inaonekana hata kwa kioo cha bei rahisi, na ningemshauri mkusanyaji anunue kioo hicho kabla hajanunua glasi ya pili.

Umri je? Magi ya vibonyeo iliingia mwishoni mwa miaka ya 1930 na ikatawala baa miongo michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpaka glasi nyembamba zisizo na mshikio, ambazo hupangana ndani ya nyingine, zilipoipokonya nafasi. Ravenhead walifunga mwaka 2001. Na muhuri wa taji na namba uliacha kuwa mfumo wa glasi mpya kufuatia mabadiliko yaliyoanza tarehe 30 Oktoba 2006. Kwa hiyo magi ya binamu ina mipaka mipana, na mimi naona ni ukweli zaidi kuandika "nusu ya pili ya karne ya 20" kuliko kujitungia mwaka. Ni ya kweli, imehakikiwa, imefanya kazi. Na ni ya kawaida: zilitengenezwa nyingi mno, zimebaki nyingi, na bei yake inapaswa kulijua hilo.

Pande kumi na herufi GR

Hiki ndicho kipande kilichomfanya muuzaji apandishe bei. Magi yenye pande kumi bapa, mshikio mnene, glasi yenye viputo vidogo vya hewa ndani yake, na muhuri wa taji, GR na namba. Kadi iliandika: "George V, 1910."

George V alitawala kuanzia 1910 hadi 1936. Baada ya miezi michache ya Edward VIII alifuata George VI, aliyetawala hadi Februari 1952. GR isiyo na namba ya Kirumi haimtaji George yupi. Muuzaji alichagua mwaka wa kwanza wa yule wa kwanza, kwa kuwa ndio unaoonekana wa kale zaidi. Mtego huo huo upo kwenye ER, ambayo inaweza kusomwa Edward VII, aliyekufa 1910, au Elizabeth II, aliyeanza kutawala 1952. Wauzaji wengi huipenda ya kwanza. Herufi zikigoma kujibu, umbo hujibu. Magi ya glasi ya pande kumi ni umbo la kipindi cha kati ya vita viwili, na hakuna sababu ya kuliweka kwenye 1910. Tulikubaliana kuandika: kati ya miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1950.

Binamu aliridhika. Mimi kulikuwa na kitu kwenye picha kilichonisumbua: mdomo ulikuwa safi mno. Magi ya umri huo iliyofanya kazi baa, yenye kitako kilichochakaa namna ile, isiwe na hata mmeguko mmoja mdomoni? Inawezekana, lakini ni nadra. Nikamwomba arudi dukani na mizani ya jikoni pamoja na jagi la maji. Muuzaji, na nampongeza kwa hilo, hakukataa.

Njia ni rahisi. Weka glasi tupu kwenye mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, jaza maji ya joto la kawaida mpaka yawe sawa na mdomo, kisha soma. Lazima uangalie maji yasivimbe juu ya mdomo, maana yanaweza kusimama juu ya ukingo bila kumwagika na kukudanganya kwa gramu kadhaa. Pitisha kadi ngumu juu yake yanyooke. Mililita moja ya maji ya kawaida ni pungufu kidogo sana ya gramu moja, hivyo painti ya ml 568 inatakiwa kusoma kama gramu 567. Magi ya vibonyeo ilisoma 571. Ile ya pande kumi ilisoma 551.

Pungufu ya gramu 16 haiwezi kulaumiwa mkono wa mtu wala mizani. Mkaguzi asingeipitisha glasi ya kujaza hadi mdomo iliyopungukiwa kiasi hicho. Kipenyo cha ndani cha mdomo kilikuwa karibu sentimita 8.5, na eneo la duara hilo ni kama sentimita 57 za mraba. Gawanya ml 16 kwa eneo hilo, unapata karibu milimita 3. Mdomo wa magi hii ulikuwa umesagwa angalau karibu milimita 3. Mtu alitaka kuondoa mimeguko, akausaga ukawa bapa na kuung'arisha. Binamu alipoutazama tena kwa kioo cha kukuzia aliona ukingo wenye kona mbili, wakati mdomo wa magi ya kwanza ulikuwa umeviringika.

Kwenye sahani au chungu cha maua ukarabati wa namna hii ni suala la urembo. Kwenye glasi ya kupimia ya kujaza hadi mdomo, mdomo ndio kipimo. Ukiusaga, muhuri unabaki pale pale ukisema PINT, na chombo hakisemi kweli tena. Nimeona vipande vizuri vikiharibiwa hivi na watu wenye nia njema kabisa, na kila mara naumia. Heri mmeguko unaoonekana.

Mdomo, mstari na povu

Suala la mdomo lina upande wa pili ambao mkusanyaji hukutana nao kwenye alama. Glasi za bia ziko za aina mbili: za kujaza hadi mdomo, na zenye mstari uliochorwa chini kidogo ya mdomo unaoonyesha painti inaishia wapi. Ya kwanza huanzisha ugomvi, kwa sababu bia ina povu, na povu likichukua nafasi ndani ya glasi ya painti kamili, bia iliyouzwa haifiki painti. Ni lumbesa iliyogeuzwa: sokoni kwetu gunia linajazwa kupita kipimo na mkulima ndiye anayeumia, pale kipimo kinajazwa hewa na mnywaji ndiye anayeumia. Chama cha wanywaji cha CAMRA, kilichoanzishwa 1971, kimepigania painti kamili kwa miaka mingi. Mwongozo wa wenye viwanda na baa unataka bia isiwe pungufu ya asilimia 95, na mteja akiomba aongezewe, aongezewe.

Kwa hiyo ukikuta glasi yenye mstari, neno PINT na muhuri, usidhani mstari ni urembo. Ni ushahidi kwamba baa iliyoinunua ilikubali kununua glasi kubwa kuliko painti ili povu lipate mahali pake. Katika sanduku la binamu hapakuwa na hata moja ya namna hiyo, na nilimwambia kwamba hiyo ndiyo ya kutafuta sasa.

Nonik ya M09

Glasi ya tatu muuzaji aliitaja kwa maneno machache, na binamu alitaka kuiruka. Nonik: glasi iliyonyooka yenye uvimbe chini kidogo ya mdomo, unaofanya vidole vishike vizuri na glasi zinazogusana ziumane kwenye uvimbe badala ya mdomoni. Haikuwa na taji. Ilikuwa na CE, alama ya Ulaya ya bidhaa zilizokidhi kanuni, kisha kiboksi chenye M09, kisha namba ya tarakimu nne.

Hii ndiyo glasi iliyo na tarehe ya uhakika kuliko zote sandukuni. Maagizo ya Ulaya kuhusu vyombo vya kupimia, yaliyotolewa 2004 na kuanza kutumika tarehe 30 Oktoba 2006, yaliweka utaratibu mmoja: CE, herufi M pamoja na tarakimu mbili za mwaka ambao alama iliwekwa, na namba ya taasisi iliyosimamia uthibitisho. M09 ni 2009. Pale ambapo taji na namba vinakuachia miaka arobaini ya kubahatisha, M inakupa mwaka. Kanuni zake zinajulikana pia: glasi ya kujaza hadi mdomo, kuanzia ml 200, hairuhusiwi kupungua hata kidogo, na inaruhusiwa kuzidi kwa ml 10 pamoja na asilimia 5 ya ujazo. Kwa painti hiyo ni kati ya ml 568 na takriban 606. Nonik ilisoma gramu 576, iko ndani.

Je, ni ya kale? Hapana. Lakini mkusanyiko wa alama za uhakiki usio na glasi za miaka ya mwanzo ya M una pengo katikati, hasa kwa kuwa kuondoka kwa taji kuliwakera Waingereza wengi na kukageuka hoja ya kisiasa. Glasi zenye taji zilizokuwa baa hazikutupwa. Ziliruhusiwa kuendelea kufanya kazi hadi zivunjike. Kwa miaka kadhaa kaunta moja iliweza kuwa na mifumo yote miwili ikijazwa kutoka bomba moja. Mtu anayekusanya sasa, zikiwa bado zinapatikana kwa bei ya chai, atashukuru baadaye.

Taji kubwa lisilo na namba

Kadi iliipa glasi ya nne sifa kuliko zote: "taji kamili la kifalme". Glasi ndefu iliyonyooka, nyembamba chini, na taji kubwa la kupendeza mbele. Binamu aliipenda. Nami naielewa hamu hiyo, taji lilikuwa zuri kweli.

Nilimwomba aizungushe polepole. Nyuma, kwa maandishi madogo, kulikuwa na UKCA (alama ya Uingereza inayofanana na CE), M22 na namba ya taasisi. Hapo habari yote ikajulikana. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, serikali ilitangaza Septemba 2021 kwamba itawezesha watengenezaji kurudisha taji kwenye glasi za painti kwa hiari, na mwaka 2022, wakati wa sherehe za miaka 70 ya utawala wa Malkia Elizabeth II, ikatoa mwongozo wa namna ya kuliweka. Taji hilo jipya ni la mapambo. Halichukui nafasi ya alama ya uhakiki na halitakiwi kuichanganya. Kazi ya kuthibitisha ujazo inafanywa na maandishi yale madogo yaliyoko nyuma. Ndiyo sababu halina namba ya mkaguzi chini yake. Hakuna mkaguzi wa eneo aliyelipiga.

Tukalisoma kwa kioo cha kukuzia: rangi nyeupe iliyochapwa juu ya glasi, haina hata kishimo kimoja cha mchanga. Kitako hakina duara la mikwaruzo. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na mchoro mdogo uliokwaruzwa. Binamu alidhani ni muhuri wa pili. Huo ni wa kuzalisha viputo ili povu lidumu, mbinu iliyoenea kwenye glasi za miongo ya karibuni, na ukiuona kwenye glasi inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1950, weka glasi hiyo chini.

Nisieleweke vibaya. Glasi hii ni halali kwa kuuzia bia, na kama ushahidi wa kile ambacho taji limekuwa kwa Waingereza ina thamani yake: alama iliyokuwa ya mkaguzi imerudi ikiwa ya hisia, na watu wameipokea kwa furaha. Ningeiweka kwenye rafu yangu. Nisingekubali iuzwe kama kitu cha kale kilichohakikiwa kwa taji, maana haijawahi kuhakikiwa kwa taji.

Ya tano, isiyo na alama

Glasi ya tano haikuwa na chochote. Kutokuwa na alama si ushahidi wa kutosha kwamba glasi haikutumika baa. Baa nyingi, hasa kuanzia miaka ya 1970, zilikuwa na pampu za umeme zenye mita iliyotoa nusu painti kamili kila kitufe kilipobonyezwa. Hapo mita ndiyo iliyokuwa kipimo, na glasi, mara nyingi kubwa kuliko painti, haikuhitaji muhuri. Kwa hiyo tuliipa nafasi.

Mizani ilisoma gramu 473. Painti ya Marekani, imejazwa hadi mdomo. Glasi nene ya umbo la koni, ya kawaida kwenye baa za Marekani, ambayo pengine ilifika pamoja na bia za mtindo wa kule. Katika Uingereza haiwezi kuwa kipimo cha painti kwa namna yoyote.

Binamu alirudi kwa muuzaji na namba zake zimeandikwa kwenye karatasi: 571, 551, 576, 582, 473. Muuzaji hakukubali kulivunja fungu, ila alipoiona mizani alishusha bei hadi ile ambayo magi ya vibonyeo na Nonik peke yake zingeweza kuibeba, na akaibandua kadi. Sanduku sasa liko Coventry.

Tumebaki tunabishana kuhusu ile ya pande kumi. Binamu anataka kuiuza, akitaja wazi kwamba mdomo umesagwa, atafute nzima. Mimi nasema aibakize mpaka aipate hiyo nzima, kwa sababu muhuri wake wa GR ni wa kweli, mchanga wake uko wazi kuliko wowote niliouona kwenye picha zake, na vipande vya kabla ya 1952 vinavyosomeka vizuri havipatikani kirahisi kwenye maduka ya hisani. Yeye anajibu kwamba chombo cha kupimia kisichopima hakina haki ya kukaa rafuni mwake. Ana hoja, ila bado namwomba asubiri.